Saa Tatu na Robo

Jumatatu, 6 Mei

Shule imefunguliwa leo kwa mvua na kwa kanuni. Mvua tumeizoea. Kanuni ziko kumi na mbili, nimezichapa mwenyewe, nazo zimebandikwa kila mlango mpaka wa choo: KANUNI ZA SIMU NA VIFAA VYA TEKNOLOJIA. Aliyezitunga ni makamu wa mkuu wa shule. Wanafunzi wanamwita Antena, kwa urefu wake na kwa vile kila kinachosemwa kinamfikia.

Kwa ufupi, mwanafunzi mwenye simu ailete kwangu, karani, niitie kwenye bahasha, ikae kwenye kabati la chuma mpaka siku ya kufunga shule. Mzazi mwenye jambo apige simu ya ofisini. Mimi nipokee, niandike kwenye daftari pamoja na saa, kisha nijaze kikaratasi. Kikaratasi kipigwe muhuri na Makamu, ndipo mtoto akabidhiwe saa kumi jioni, mstarini. Hiyo ndiyo kanuni ya saba. Muhuri uko kwenye droo ya Makamu, na ufunguo wa droo uko mfukoni mwake.

Nimeziunga mkono zote kumi na mbili. Nimechoka kusalimiwa na watoto wanaotazama viganja vyao. Tena muhula uliopita kijana mmoja wa kidato cha nne alimuua babu yake mara tatu kwa simu yangu ya ofisini, na "mjomba" aliyekuwa akileta msiba alikuwa rafiki yake, kajificha nyuma ya bweni. Mara ya tatu nililia kabisa. Siku ya kufunga shule babu akaja, mzima, na fimbo yake, akaniuliza choo kiko wapi.

Shajara hii nimeianza kwa sababu mume wangu anasema siku hizi naongea peke yangu jikoni. Yeye ni fundi simu. Amecheka sana kusikia kwamba mkewe ndiye askari wa simu. Amesema nyumba yetu sasa inakula kuwili.

Jumanne, 7 Mei

Wa kwanza kuleta simu ni msichana wa kidato cha tatu ambaye wenzake wanamwita Penseli, kwa kuwa ana penseli nywelini siku zote. Ametoka foleni ya chai peke yake, kwenye mvua, simu kaifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mama."

Nikamwitikia. Nikamuuliza nani kamkamata nayo. Akasema hakuna, ni mama yake aliyemwambia aitii shule, kwa kuwa wako wawili tu duniani na yeye hawezi kila siku kuja kuitwa na walimu. Kabla ya kunikabidhi aliizima, akaifuta kwa sketi, akaniomba niandike kwenye bahasha kwamba kioo kina ufa tangu zamani.

Nimeandika: Ufa ni wa zamani.

Ijumaa, 10 Mei

Leo ndiyo mwisho wa kukabidhi simu. Simu sitini na moja, na wanafunzi ni zaidi ya mia nne. Wengine wote eti hawana. Mimi si mtoto wa jana.

Mlinzi wa getini namshuku. Mkoba wake wa chakula umenenepa tangu Jumanne, na sijawahi kuona chakula kinachotetemeka.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Bati la ofisi likipigwa, nakuwa nasikiliza kwa sikio moja na kuziba jingine. Ujumbe wa leo, kama ulivyo daftarini:

Saa mbili na dakika tano: Aambiwe ufunguo wa kabati alikwenda nao, baba yake anavaa shati la jana.

Saa nne kamili: Aambiwe mbwa amepatikana.

Saa nne na nusu: Aambiwe yule siye mbwa wetu.

Saa nane: Aambiwe asome.

Daftari langu halina neno lililofutwa. Miaka kumi na moja niko hapa na sijawahi kufuta neno kwenye daftari la shule hii. Nikikosea napiga mstari mmoja, ninasaini pembeni, kosa linabaki likisomeka. Makamu amelipitia leo, akasema laiti walimu wangekuwa na mkono kama wangu. Nimerudi nyumbani nimechangamka kama bibi harusi, mpaka fundi akaniuliza nimekunywa nini.

Jumanne, 21 Mei

Makamu amenidokeza kwamba jina langu limepelekwa kwa bodi, niajiriwe kwa kudumu. Miaka kumi na moja nasaini mkataba wa muhula, nikifunga shule pamoja na watoto bila kujua kama nitafungua nao. Amesema bodi itakaa mwezi wa saba. Mungu ampe huyu mtu maisha marefu.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua.

Alhamisi, 30 Mei

Nimemfuma mlinzi akimpa kijana simu kupitia dirisha la kibanda chake. Hakutetereka. Akaniambia mama wa kijana huyo ni nesi wa zamu za usiku, hana saa nyingine ya kusikia sauti ya mwanawe. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akasema ndiyo mama, kanuni ni kanuni, akaendelea kukamua soksi zake.

Sikumshtaki. Lakini nimemdharau. Mtu mzima kujirahisisha kwa watoto.

Jumanne, 4 Juni

Shule yetu imesifiwa. Makamu amealikwa kwenye mkutano wa wakuu wa shule, Jumanne ijayo, akaeleze tulivyofaulu kumaliza tatizo la simu. Nimemchapia hotuba, kurasa tisa. Ukurasa wa nne unanitaja: "karani makini asiyepitisha neno bila muhuri." Nimeusoma mara mbili, kisha nikausoma tena.

Jumatano, 12 Juni

Naandika haya ofisini kabla watu hawajafika. Jana sikuweza.

Jana saa tatu na robo simu ililia. Mvua ilikuwa imetulia kidogo, nilisikia vizuri. Sauti ya mwanamke, ya pole, ya mtu asiyetaka kusumbua. Akasema yeye ni mama wa Penseli, akataja jina lake halisi na kidato. Yuko hospitali ya rufaa tangu Jumapili kwa uvimbe wa tumbo. Hakutaka kumtia mtoto wasiwasi. Lakini asubuhi daktari amemwambia ataingizwa chumba cha upasuaji saa saba mchana, na kwamba kazi yenyewe si ndogo.

"Naomba aje nimwone kabla sijaingia," akasema. "Hata dakika tano."

Nikamwambia, "Usijali mama. Namwita sasa hivi."

Nilisema hivyo. Ni maneno ninayomwambia kila mtu, hata wa mbwa.

Kutoka shuleni mpaka hospitali ni dakika arobaini. Nikaandika daftarini: Saa tatu na robo. Nikajaza kikaratasi. Nikainuka nikapigiwe muhuri, nikiwa mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba Makamu yuko kwenye mkutano anasoma kurasa tisa nilizomchapia.

Nikampigia. Imezimwa. Huko mkutanoni nako simu zilikuwa zimekusanywa mlangoni.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Alikuwa na watu wa bodi. Nikasimama mlangoni mpaka akaniona, nikampa kikaratasi. Akakisoma kama mtu anayesoma bei. Akaniuliza nina uhakika gani kwamba aliyepiga ni mama yake kweli. Mmoja wa bodi akacheka, akauliza habari za babu aliyekufa mara tatu. Wote wakacheka. Nami nikacheka. Mkuu akanirudishia kikaratasi, akasema kanuni hizi ni za Makamu, leo hii ndiyo anazieleza mbele ya watu, tusiwe wa kwanza kuzivunja. Nimngoje, atarudi mchana.

Ilikuwa saa nne kasoro.

Nikatoka mpaka getini. Sijui nilifuata nini. Mlinzi akakisoma kikaratasi mkononi mwangu, hakungoja kupewa. Akasema, "Mama, nenda darasani ukamwite. Mimi geti nitafungua. Wakiuliza, sema mlinzi ndiye aliyefungua."

Darasa la Penseli linaonekana kutoka getini. Ni hatua sitini, labda sabini. Nilimwona amekaa dirishani, penseli iko nywelini. Nikamwambia mlinzi ngoja nijaribu tena simu ya Makamu.

Nimejaribu mara kumi na nne. Saa tano nikarudi kwa mkuu, mlango umefungwa. Saa sita nikapiga ile namba ya mama yake nimwambie tunamshughulikia, ikaita mpaka ikakata. Mvua ikarudi. Nikala chakula changu. Ndiyo, nilikula.

Makamu alifika saa tisa, amelowa, ana furaha, amepigiwa makofi. Akakisoma kikaratasi, akafungua droo, akapiga muhuri. Akasema mbona hili ni la haraka, mpelekee sasa hivi, usingoje mstari.

Kwa hiyo Penseli alitoka darasani saa tisa na dakika kumi. Dereva wa shule alimpeleka. Aliporudi dereva alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu. Mama aliingizwa saa saba kama alivyosema. Hakuamka.

Alhamisi, 13 Juni

Mkuu ameniita. Makamu alikuwepo, anatazama dirishani. Wameniambia kesho atakuja dada wa marehemu, kutoka safari, na atataka kujua simu ilipigwa saa ngapi. Mkuu akauliza kwa upole daftari linasemaje. Nikamwambia linasema kilichotokea. Akasema daftari hilo limelowa, limechakaa, haliwezi kuonyeshwa wageni, ingefaa linakiliwe upya tangu siku ya kufungua. Na katika kunakili, mtu huwa anagundua makosa madogo ya saa.

Makamu ndiye aliyeitaja saa yenyewe. Alisema, bila kugeuka, "Saa saba kasoro dakika kumi."

Yaani mama apige simu akiwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Yaani kosa liwe lake.

Mkuu akasema pia, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, kwamba bodi imepokea jina langu.

Nimenakili. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, kwa kalamu mpya, kila ujumbe tangu tarehe sita Mei. Shati la jana. Mbwa amepatikana. Yule siye mbwa wetu. Aambiwe asome. Yote kweli tupu, na mkono wangu ni mzuri. Nilipofika tarehe kumi na moja Juni niliandika haraka, nikafungua ukurasa mwingine.

Daftari la zamani Makamu amelichoma nyuma ya jiko. Kwa unyevu lilikataa kushika moto. Ilibidi aende kuomba mafuta ya taa.

Ijumaa, 14 Juni

Shangazi wa watu, nasema shangazi lakini ni mama mdogo wake Penseli, amekuja na macho yamevimba. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Mkuu akamfungulia daftari jipya, akamwonyesha mstari kwa kidole. Yule mama akausoma, akatikisa kichwa.

"Dada yangu," akasema. "Siku zote hivyo. Hapendi kusumbua watu. Amengoja mpaka amechelewa."

Akaniomba radhi kwa usumbufu, mimi. Akasema simu ya marehemu ina namba ya siri ambayo hakuna anayeijua, vinginevyo asingekuja kutuchosha. Nikampa maji ya kunywa.

Jumatatu, 17 Juni

Mlinzi ameachishwa kazi. Walipekua kibanda chake wakakuta simu ishirini na tatu. Zilikuwepo tangu Mei na kila mtu alijua, ila leo ndiyo zimeonekana.

Alipita dirishani kwangu na mkoba wake, sasa umekonda. Nilijua atasema neno, nikawa nimelitayarishia jibu. Akasema tu, "Mama, soksi zangu nimeziacha kwenye waya, zikikauka mpe atakayekuja."

Jumanne, 18 Juni

Mvua. Soksi hazijakauka.

Alhamisi, 27 Juni

Penseli amerudi kutoka msibani. Amenyoa nywele, penseli hana pa kuichomeka, anaishika mkononi. Amepita akasema, "Shikamoo mama."

Nimeitikia. Sauti haikutoka vizuri. Mvua imenisaidia.

Jumatano, 3 Julai

Amekuja mapumziko ya saa nne, kasimama dirishani mpaka wenzake wote wakahudumiwa. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu, anataka kuuliza tu.

"Mama, wewe ndiye uliyeongea naye?"

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa ana haraka?"

Nikasema hapana, alikuwa mtulivu, alikuwa na sauti nzuri. Hilo lilikuwa kweli, nikalishikilia kama mtu aliyeokota.

Akatazama penseli yake. "Sasa kwa nini alingoja mpaka saa saba kasoro? Alilazwa Jumapili. Alikuwa na siku mbili nzima. Mama mdogo anasema hakutaka kunisumbua. Lakini mimi nafikiri hakutaka niende. Nilipoondoka nyumbani tuligombana, kwa ajili ya simu hiyo hiyo. Sikutaka kuileta kwenu."

Hapa ndipo palipokuwa pangu pa kusema. Wanafunzi hawakuwepo, mkuu hakuwepo, mvua ilikuwa imekatika. Neno lenyewe lilikuwa fupi.

Nikamwambia, "Mwanangu, wagonjwa hawana saa."

Akasema ahsante mama. Akaenda darasani. Nimekaa kwenye kiti changu mpaka kengele ikalia na sikuweza hata kushika kalamu.

Ninajichukia. Nimeandika, na sitapiga mstari juu yake.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemweleza fundi yote. Alikuwa amefungua simu ya mtu, skurubu kazitandaza kwenye kifuniko cha sufuria. Nilitaka anitukane. Alinisikiliza mpaka mwisho akauliza kitu kimoja tu, kama mtoto anajua. Nikasema hajui. Akasema basi hilo silo jambo la kumwambia mume.

Nikamwambia kuna barua ya bodi inakuja. Akasema amesikia. Akaendelea kutafuta skurubu moja iliyopotea.

Jumatatu, 15 Julai

Barua imekuja. Kuanzia mwezi wa nane mimi ni karani wa kudumu. Makamu amenipa mkono kwa mikono yake miwili. Zamani nilikuwa namwona mtu wa utaratibu. Sasa nikimtazama namwona mtu anayeomba mafuta ya taa jikoni. Mimi sina tofauti naye, ila yeye ni mrefu.

Jumanne, 16 Julai

Walimu wamenunua keki. Nimekula.

Alhamisi, 25 Julai

Kesho tunafunga. Nimetoa bahasha zote sitini na moja nizipange kwa kidato. Ya Penseli iko na mwandiko wangu: Ufa ni wa zamani.

Simu zote zimekufa chaji, na hakuna atakayejali, watachajia makwao. Lakini yeye kesho hana anayemngoja nyumbani, anakwenda kwa mama yake mdogo, safari ndefu. Nikafikiri angalau hili. Jana nilimwomba fundi chaja ya simu za zamani, ile ya ncha nyembamba. Alinipa bila maneno. Leo nimeifungua bahasha, kinyume cha kanuni ya tatu, nimeichaji kwenye soketi yangu mpaka ikajaa. Sikuiwasha. Nimeifuta vumbi.

Ni wema wa kijinga, najua. Mtu akikatwa mguu unampelekea kiatu.

Ijumaa, 26 Julai

Tangu saa nane mchana wamepanga foleni dirishani. Kila mmoja anachukua bahasha, anasaini daftari, anajaza saa. Ni safu nne: jina, kidato, saini, saa. Wanazikumbatia simu zao kama wamefiwa wao. Mvua imekatika tangu jana na bati liko kimya, nikawa nasikia kila kitu, hata kalamu kwenye karatasi.

Penseli alikuwa wa mwisho. Aliwangoja wote wapite. Nywele zimeanza kuota.

"Shikamoo mama."

Nikampa bahasha. Nikamwambia nimeichaji. Akanitazama, macho yakamlegea, akasema ahsante sana mama, hakuna mwingine aliyefikiria. Akaiwasha hapohapo kwenye kaunta. Akasema anataka kumwandikia mama mdogo kwamba ametoka, ila hana bando.

Mimi ndiye niliyemwambia alete simu. Mimi mwenyewe niliingiza neno la siri la mtandao wa ofisi, kwa vidole hivi, nikamrudishia.

Ikatulia kidogo. Kisha ikaanza kulia. Ujumbe wa wiki kumi na moja ukaingia mmoja juu ya mwingine, ikawa inatembea yenyewe juu ya meza. Tukacheka, mimi na yeye. Halafu akaacha kucheka.

Akasema, "Ni mama."

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Alitaka kuuweka sikioni, lakini simu ile na ufa wake inasema kwa sauti kubwa tu, au mikono yake haikupata mahali pa kubonyeza. Ikasema mezani, baina yetu.

"Mwanangu, hii utaisikia wakikupa simu yako hapo getini. Sasa ni saa tatu na robo. Nimetoka kuongea na yule mama wa ofisini kwenu, ana maneno mazuri, ameniambia anakuita sasa hivi. Kwa hiyo uko njiani. Usikimbie barabarani, tuna muda, wananiingiza saa saba. Wodi namba sita, kitanda cha dirishani. Na ile simu ulifanya vizuri kuipeleka. Sikukasirika. Njoo."

Akausikiliza tena. Mara ya pili aliusikiliza akinitazama mimi.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno: muhuri, mkutano, mkuu, mara kumi na nne. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kutoka kinywani. Alinipa nafasi. Alisimama muda mrefu, mwenye adabu kama siku zote, akingoja mtu mzima aseme neno.

Sikusema.

Akalivuta daftari. Hakufunua kurasa za nyuma kutafuta tarehe kumi na moja Juni. Akaandika jina, kidato, akasaini. Kwenye safu ya saa akaandika polepole, kwa herufi kubwa, kwa penseli yake: SAA TATU NA ROBO.

Ilikuwa saa kumi jioni.

Akaitia simu mfukoni. Bahasha akaniachia. Muhula mzima mtoto huyu ameniita mama.

"Kwaheri, karani," akasema.

Jumamosi, 27 Julai

Jua. Nimefua.

Jumatatu, 29 Julai

Shule tupu. Makamu amekuja kukagua daftari ili lifungwe rasmi. Alipofika mstari wa mwisho akasita. Akasema kuna mwanafunzi amekosea saa, tena ameandika kwa penseli, kazi ndogo hiyo. Akaniwekea raba mezani na kusema nirekebishe.

Nikamwambia sijawahi kufuta neno kwenye daftari la shule hii. Nilisema hivyo kwa mazoea, kabla sijafikiri, na sote wawili tukalisikia lilivyo.

Kisha nikachukua kalamu ya wino, nikapita juu ya herufi za Penseli moja moja, saa tatu na robo, mpaka penseli ikafunikwa. Nikafunua nyuma mpaka tarehe kumi na moja Juni. Nikapiga mstari mmoja juu ya saa ya Makamu, ile aliyoitaja akitazama dirishani, ikabaki ikisomeka. Juu yake nikaandika ya kweli, nikasaini pembeni. Nikamwambia mama mdogo wa mtoto ameacha namba yake, na leo jioni nitampigia kwa simu yangu.

Amelichukua daftari, amekwenda nalo kwa mkuu, na mlango wamefunga. Najua mafuta ya taa wanayapata wapi.

Nimekaa nangoja kuitwa. Barua yangu ya kudumu iko mkobani. Raba ameiacha hapa mezani, na simu ya ofisi tangu asubuhi haijalia.